Arubaini na Saba

Jumanne, 7 Septemba 1999

Nimefungua ofisi saa mbili. Nimefagia, nimewasha kompyuta, nimengoja laini ya simu ishike. Imeshika mara ya nne. Barua pepe tisa zimeingia. Nimezichapisha, nimezikunja, nimezitia kwenye bahasha, kila bahasha na nambari yake. Hakuna jina. Ndiyo kanuni ya Bwana Salimu, mwenye ofisi, tangu alete kompyuta hapa Ukunda: anwani ni moja ya sote, mteja ni nambari, na daftari la majina linakaa kwenye mtoto wa meza, kwa kufuli. Kazi hii ni amana, husema. Husema kila asubuhi, utadhani anaadhini.

Wengi wanaoandikiwa barua hapa wana wake na waume majumbani. Sisi hatuulizi. Mimi na Nduku, binti mwenzangu wa kazi, tunachapa tu, Kiswahili juu, Kiingereza chini, mteja akubali, ipelekwe.

Arubaini na saba ni mteja wa Nduku. Huja Jumatano, siku yangu ya kupumzika, ninapokwenda Msambweni kumtazama mama. Sijawahi kumwona wala kushika barua yake. Leo jibu lake limeingia mapema. Latoka kwa Mjerumani, Birgit. Anasema bado anakumbuka ladha ya pweza wa nazi. Anasema analibusu kutoka mbali lile kovu la mafuta, mkono wa kushoto, chini ya kiwiko.

Rashidi ni mpishi wa hoteli. Rashidi ana kovu la mafuta, mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Mimi ndiye niliyelipaka asali wiki tatu.

Nimeikunja barua. Nimeitia kwenye bahasha.

Jumatano, 8 Septemba

Sikwenda Msambweni. Nimeaga kama nakwenda. Nimekaa kwa fundi cherehani, ng'ambo ya barabara, nikasingizia kanzu ya mama. Fundi amenipima mara mbili kwa sababu nilikuwa simsikii.

Saa nane na robo Rashidi ameingia. Shati la samawati, lile la Idi. Siku ya Jumatano ya kawaida, shati la Idi!

Amekaa karibu nusu saa. Namwona Nduku dirishani anachapa, anamgeukia, anacheka. Rashidi naye anacheka. Nyumbani hacheki hivyo. Nyumbani anauliza chumvi iko wapi, na yeye ndiye mpishi.

Mzungu yuko mbali huko. Nduku je? Nduku ambaye kila asubuhi namletea mahamri, tunakula sahani moja, na kumbe tumboni mwake amebeba maneno yote ya mume wangu. Leo nimemchukia yeye zaidi. Naandika ukweli.

Ijumaa, 10 Septemba

Bwana Salimu amekwenda kuswali. Nduku amekwenda kununua chai. Ufunguo hukaa ndani ya kopo la pini, najua miaka miwili sasa, sijawahi kuugusa.

Nimeugusa.

47. Rashidi, mpishi. Kwa mwandiko wa Bwana Salimu, safi, kama hati ya ndoa.

Nilikuwa nimejua. Nimefunga, nimeurudisha ufunguo. Nduku amerudi na chai, akaniuliza dada Mishi mbona umepauka. Nikamwambia ni njaa.

Jumatatu, 13 Septemba

Nduku ni mgonjwa leo, homa. Nimekaa peke yangu na diski zake. Nimezichapisha barua za arubaini na saba zote, kuanzia Februari. Nimezisoma chooni, nimezisoma tena nikiwa na mteja mbele yangu.

Anamwita mpenzi. Anamwita nuru ya jikoni kwangu. Mimi huniita wee Mishi. Amemwambia Birgit kuhusu kifo cha baba yake, alivyolia nyuma ya kibanda cha kuni ili watu wasimwone. Mimi nilikuwa hapo hapo nyumbani napokea mikeka ya matanga, na sikujua kwamba alilia. Hili limenichoma kushinda mabusu. Mabusu nitayasahau, lakini machozi yale mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kuyaona, akayapeleka Ujerumani.

Kuhusu mimi kuna mstari mmoja. "Nyumbani kuko salama." Basi! Miaka kumi na miwili.

Sijamwambia kitu. Nimempakulia wali, nimeketi namtazama anavyotafuna. Barua zake nimezitia ndani ya foronya ya mto wangu. Nazilalia.

Alhamisi, 16 Septemba

Saumu, jirani yangu, amekuja kuazima kinu. Amekaa saa nzima kumsifu Hamisi wake. Hamisi haangalii pembeni. Hamisi akitoka kazini ni nyumbani moja kwa moja. Akaniambia kwa huruma, shoga yangu, hawa waume wa mahotelini ni mtihani, Mungu akusaidie.

Nilitamani kumpiga na kinu chenyewe.

Kisha likanijia. Hamisi nimewahi kumwona ofisini. Mara mbili. Mara tatu.

Ijumaa, 17 Septemba

Swala ya Ijumaa, Nduku bado yuko kitandani na homa. Kopo la pini tena.

Hamisi ni 12. Alhamdulillahi. Ndiyo, nimeandika alhamdulillahi, na siifuti.

Sikuweza kuacha. Nimechapisha za 12, nikaona haitoshi. Nikachapisha za 19, za 26, za 33, za kila nambari iliyokuwa kwenye diski, mpaka mashine ikapata moto. Juu ya kila karatasi nimeandika jina kwa kalamu, herufi kubwa, nisije nikasahau nani ni nani. Nilitaka kujua kama niko peke yangu. Siko peke yangu. Mwalimu wa kwaya wa kanisa la kule juu yumo. Mwenye duka la nguo yumo. 33 ni Bi Rehema, mwalimu wa darasa la pili, mume yuko Arabuni mwaka wa nne. Barua zake nimezichapa mimi mwenyewe kwa vidole vyangu.

Nimezibeba zote ndani ya buibui.

Jumapili, 19 Septemba

Rashidi yuko kazini. Mavyaa, mamake Rashidi, amelala mchana. Nimesoma tangu saa saba hadi alasiri. Nikisoma aibu za watu kifua kinapoa. Nikifikia mwisho kinawaka tena, nachukua nyingine.

Leo Saumu amepita uani akanisalimu. Nimemjibu kwa furaha kabisa. Nimemhurumia kwa sauti ileile aliyonihurumia nayo.

Karatasi hizi ni nyingi, foronya haizichukui. Za Rashidi zimebaki kwenye mto. Nyingine nimezisukuma chini kabisa ya kapu la karatasi chakavu hapa nyumbani, chini ya mitihani ya zamani ya shule tunayoichapa. Kwenye lile kapu hakuna anayetia mkono ila mimi.

Jumanne, 21 Septemba

Kapu ni tupu.

Nimemuuliza mavyaa. Amenijibu kwa upole, mwanangu, Bi Mwanatumu alipita asubuhi kuomba karatasi za bajia, kama kawaida, nikampa. Mavyaa husoma msahafu vizuri sana. Herufi hizi zetu za kizungu hazijui. Kwake karatasi ni karatasi.

Na ni mimi niliyeanzisha mazoea haya. Kila wiki mbili namwekea Bi Mwanatumu mitihani iliyoharibika afungie bajia zake. Barua tulikatazwa. Barua huchanwa na kuchomwa nyuma ya ofisi. Mitihani ilikuwa halali.

Nimekimbia hadi sokoni na leso moja, kichwa wazi. Bi Mwanatumu anakaanga, watu wamemzunguka. Shikamoo nimeisahau. Nikauliza ziko wapi zile karatasi. Akasema mwanangu leo zimekuja nzuri, nene, hazichuji mafuta, zimekwisha zote. Akanionyesha kwa mwiko: pale mtu anasoma. Pale wawili wanasoma. Pale mwenye duka la nguo amesimama na bajia mkononi, bila kuila, anaitazama karatasi yenye jina lake.

Nimerudi nyumbani.

Jumatano, 22 Septemba

Mji mzima unasoma. Wanabadilishana, nipe hiyo nikupe hii. Watu wanarudi kununua bajia wasizozitaka. Bi Mwanatumu hajui kilichompata, anashukuru Mungu kwa riziki.

Saumu ameondoka na watoto. Amepita mbele ya mlango wangu na godoro kichwani, hakunitazama. Nilidhani nitafurahi.

Alhamisi, 23 Septemba

Shemeji zake Bi Rehema wamekuja kutoka Kombani wakachukua watoto wote wawili. Wamesema mume amepigiwa simu Arabuni, talaka iko njiani. Yeye hajaonekana shuleni. Wengine wanasema amekimbilia kwa kaka yake kule Ramisi, yule aliyekuwa akikata miwa.

Aliponiletea barua ya kwanza aliniambia, mwenzangu, nisitiri. Nikamwambia usiwe na wasiwasi.

Rashidi amekuja nyumbani mapema. Kijivu usoni. Hakula. Anakaa, anasimama, anauliza kama kuna mtu amekuja. Namtazama anavyoteseka, sisemi kitu. Barua zake ziko umbali wa hatua nne kutoka kwenye kiti chake. Nikiwa mkweli, nimeona utamu. Halafu utamu umekwisha, nikabaki na hofu tupu.

Ijumaa, 24 Septemba

Ofisi imefungwa. Baada ya swala watu wamekusanyika mlangoni kwa Bwana Salimu wakitaka jina la aliyetoa barua. Nilisimama upande wa wanawake.

Hawakuchukua muda. Mimi ni mtoto wa hapa, binti wa fulani, mke wa fulani. Nduku ni mtu wa bara, Mkamba, Mkristo, amepanga chumba kimoja nyuma ya posho mill ya kusagia unga. Nani mwingine? Mmoja akasema hawa wamekuja kutuumbua. Watu wa bara wangali na woga tangu vurugu za mwaka juzi walipochomewa nyumba, na Nduku alikuwa amesimama peke yake ukutani, mkoba kifuani. Akasema mara moja tu, "Si mimi, haki ya Mungu." Hakutaja mtu. Hakunitazama hata.

Na Rashidi akasimama! Mume wangu, mbele ya wanaume wote, akasema huyu binti anatunza siri, ni mwaminifu, msimwonee.

Najua kwa nini. Jina lake pekee halikutoka. Anadhani ni Nduku aliyemfichia. Najua, na bado wivu umenipanda. Kwangu hajawahi kusimama hivyo.

Nami nilikuwa na neno moja la kusema, na sikulisema.

Jumapili, 26 Septemba

Wanawake wameamua kumsuta Nduku. Wamenijia asubuhi. Wewe Mishi ndiye uliyefanya naye kazi, umeharibiwa jina, utatangulia.

Nimetangulia.

Leso za sare, nyekundu. Baada ya alasiri tumekwenda hadi mlangoni pake, kiasi cha wanawake thelathini, na masinia, na filimbi. Tumeimba nyimbo za kumvua nguo mtu bila kumgusa. Mnafiki toka. Mla siri za watu toka. Nilipiga sinia kwa kijiko cha chuma mpaka kijiko kikapinda. Kila nilipopiga nilimwona anacheka na Rashidi dirishani.

Nduku amefungua mlango, akasimama. Desturi ni kwamba anayesutwa hujifungia ndani, au hutoka akajibu matusi. Yeye amesimama tu kizingitini na mikono mbele, kama mtoto shuleni, akatusikiliza hadi tukachoka. Macho yake yalikuwa kwangu. Hayakuwa na hasira. Ningeomba yawe na hasira.

Sinia la mavyaa limebonyea. Ameniuliza vipi, nimemwambia limeanguka.

Jumanne, 28 Septemba

Mwenye nyumba amemfukuza Nduku. Amekwenda Kombani kwa dada yake. Rashidi amembebea masanduku hadi barabarani, wazi wazi, mchana. Watu sasa wanasema Rashidi na Nduku wana lao. Wanawake saba wamenijia kunipa pole.

Ijumaa, 1 Oktoba

Bwana Salimu amekuja nyumbani saa tano, Rashidi yuko hotelini. Amebisha hodi kwa adabu, amemsabahi mavyaa, ameketi barazani. Mkononi ana bahasha kubwa yenye madoa ya mafuta. Siku kumi amezunguka mji akiziomba zile karatasi, moja moja, kwa watu na kwenye majaa. Amezipanga na daftari lake.

Hakupaza sauti. Amesema nambari zote zimo, Mishi, hata kama ni kipande tu. Inakosekana moja tu.

Kuku anakwaruza uani.

Akasema, "Mwizi gani huyu, binti yangu, anayemsitiri mumeo?"

Nimeingia ndani. Nimepasua foronya, sikuona hata haja ya kufungua vifungo. Nimemletea. Amezipokea bila kuzisoma, amezitia pamoja na zile nyingine. Nilingoja anitukane. Amesema tu kwamba yule wa Kombani ana mama kule Ukambani anayemtegemea. Akaaga.

Jumamosi, 2 Oktoba

Nimekwenda Kombani. Dada yake Nduku anauza nyanya kando ya barabara ya Kwale. Nduku alikuwa nyuma ya kibanda anafua. Nikamwambia ni mimi. Sikuzunguka.

Hakuacha kufua. Amesema, "Najua, dada Mishi. Mwandiko wako nimekaa nao miaka miwili."

Nikauliza mbona hukusema. Pale mlangoni kwa Bwana Salimu. Pale mlangoni kwako, nikipiga sinia.

Akasema ningesema ni wewe, wangeuliza kwa nini Mishi afanye hivyo. Ningewajibu nini? Arubaini na saba si yangu kuisema.

Akakamua shati, akalianika. Mimi nimebaki nimesimama na pole yangu mdomoni. Amefukuzwa, ametukanwa, amelala chini kwa dada yake, ili asitoe siri ya mume wangu. Na mimi mke nilikuwa nimeilalia kama silaha.

Sikumwomba msamaha. Nilijiona nitamwongezea kazi.

Jumatatu, 4 Oktoba

Nimesema. Nilikwenda kwa wanawake walewale, uani kwa Bi Mwanatumu, walipokuwa wanachagua mchele wa arusi. Nimesema karatasi zilitoka kwangu, majina niliandika mimi, ufunguo niliiba mimi, Nduku hana hatia. Wakauliza kwa nini. Nimesema wivu. Wakauliza wivu wa nani. Hapo nikafunga mdomo. Mdomo kufunga najua sasa, nimejifunza nimechelewa.

Hawakunipiga. Bi Mwanatumu amelia, amesema mwanangu umenitia mkono katika haramu bila kujua. Wengine wameinuka mmoja mmoja, wakaniacha na masinia ya mchele.

Jioni Rashidi amesikia, kama mji mzima. Ameelewa yote kwa mara moja. Ameniuliza, "Umezisoma?" Nimesema zote. Ameniuliza hata ile ya baba? Nimesema hata ile.

Amekaa kitandani amejiinamia. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyaandaa wiki nne, makali yote. Nimesema moja tu, kwamba mimi pia nilimpenda baba yake. Nimefunga nguo zangu.

Jumapili, 31 Oktoba

Msambweni. Mama anaendelea vizuri, mguu umepungua uvimbe. Asubuhi nimemkanda, nimemwogesha, nimemwanikia mihogo.

Rashidi hajanipa talaka. Wala hajaja. Ameleta unga na mafuta ya taa kwa mtu, bila salamu. Mavyaa ameleta salamu, bila unga.

Saumu amerudi kwa Hamisi. Bi Rehema bado yuko Ramisi. Watoto hajapewa. Nilimwandikia, kwa mkono, kwa jina langu. Barua imerudi haijafunguliwa.

Bwana Salimu amefungua ofisi tena. Wateja wamerudi, kidogo kidogo. Watafanyaje, wapenzi wao wako mbali. Nambari zote zimebadilishwa. Anayechapa ni Nduku, peke yake, siku zote sita.

Leo mchana Nduku amekuja kunitembelea. Sikumwita. Amekuja na gauni lake la kanisani, amemwamkia mama shikamoo, ameketi mkekani. Tumezungumza habari za mvua na bei ya nyanya. Nimempikia chai. Nilijiapiza tangu alipobisha hodi kwamba sitamuuliza. Nimekwenda jikoni mara mbili ili nisimuulize.

Nimemuuliza. Anakuja bado? Jumatano?

Nduku amekoroga chai yake. Amenitazama vizuri, bila kisirani, kama anavyomtazama mteja. Kisha amesema chai imekolea tangawizi, akaomba aongezwe maziwa.

Nimemwongeza.